Nani Alizitunza Karatasi Hizi? Somo juu ya nyaraka za mtu na nyaraka za ofisi

Mwanafunzi wa lisansi anayeingia kwa mara ya kwanza katika hifadhi ya nyaraka ya chuo kikuu huwa na swali moja mdomoni: karatasi hii iliandikwa na nani? Ni swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: nani aliitunza, na kwa nini hakuitupa? Somo hili linaeleza tofauti ya maswali hayo mawili, na hasara anayoipata mwanafunzi wa Kiswahili akiyachanganya. Tutapitia mifano ya Mombasa na London, kisha ya Dar es Salaam, halafu tutarudi nyumbani Lubumbashi. Mwishoni kuna mazoezi.

1. Familia mbili za karatasi

Karatasi huingia katika hifadhi ya chuo kupitia milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mtu. Mwalimu, mshairi, mmisionari au mfanyakazi ameweka barua, daftari, rasimu, picha na risiti zake kwa miaka mingi. Anapostaafu au anapofariki, yeye au jamaa zake wanazikabidhi kwa chuo. Hizo tunaziita nyaraka za mtu binafsi. Mlango wa pili ni wa ofisi. Idara, kamati au sekretarieti imefanya kazi, na kazi hiyo imeacha kumbukumbu za mikutano, mikataba, orodha za wanafunzi na barua zenye namba na muhuri. Hizo ni nyaraka za taasisi.

Familia hizi mbili hazitunzi kwa sababu moja. Mtu hutunza anachokipenda, anachokiogopa, au alichosahau kukitupa. Ofisi hutunza inachohitaji ili kazi iendelee, na ili iweze kujitetea siku ikiulizwa. Kwa hiyo barua ileile yaweza kupatikana mahali pawili na isiwe na habari moja. Nakala iliyokaa kwa mtu imekunjwa mara nne, na pembeni mwenyewe ameandika hesabu ya deni. Nakala ya kaboni iliyobaki ofisini ina namba ya faili, tarehe ya kupokelewa na sahihi ya karani. Maneno ya barua ni yale yale. Lakini ya kwanza inatufundisha jinsi barua ilivyopokelewa nyumbani, na ya pili jinsi ilivyopita mezani.

Ndiyo maana watunza nyaraka wana kanuni ambayo kila mtafiti anapaswa kuijua. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa iliagiza kwamba karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja, familia moja au ofisi moja zikae pamoja kama fungu moja, zisichanganywe na karatasi za wengine kwa sababu tu zinazungumzia jambo moja. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, walitoa kitabu cha mwongozo kilichosisitiza jambo la pili: hata ndani ya fungu, mpangilio aliouacha mwenyewe uheshimiwe.

Mwanafunzi wa lugha ataielewa kanuni hii haraka. Chukua neno "panda" likiwa peke yake. Ni kukwea, ni kuotesha mbegu, au ni mti wenye matawi mawili? Hatujui mpaka tuione sentensi. Barua iliyotolewa katika fungu lake ni kama "panda" isiyo na sentensi.

2. Jina lililo juu ya sanduku

Mfano wa kwanza unamhusu mshairi ambaye wengi wetu tumemsoma darasani, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Mwanafunzi anayetaka kuona hati za mashairi yake atatafuta jina "Muyaka". Lakini jina lililobeba sehemu kubwa ya urithi huo katika hifadhi ni la mtu mwingine: William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1880 na kufariki mwaka 1927. Karatasi zake ziko katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London.

Je, Taylor aliyapataje mashairi ya mtu aliyefariki miaka 40 kabla yake? Hapo ndipo swali letu la kwanza linapofanya kazi. Mashairi yale yalikuwa bado vinywani mwa watu wa Mombasa. Mwanachuoni wa mji, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, pamoja na maelezo ya sababu zilizomfanya mshairi aseme vile. Taylor alifanya kazi pamoja naye, akayageuza kwa herufi za Kilatini na kuongeza maelezo yake.

Hesabu sasa majina yaliyomo katika sanduku moja. Sauti ni ya Muyaka. Kumbukumbu ni ya watu wa Mombasa. Mkono wa kwanza ni wa Sikujua. Aliyetunza ni Taylor, na jina lililobaki juu ya fungu ni lake. Hakuna udanganyifu katika hilo. Ndivyo kanuni inavyotaka, kwa kuwa fungu hupewa jina la mtu ambaye karatasi zilitoka kwake. Lakini mwanafunzi asiyeijua kanuni hiyo atadhani kwamba fungu la Taylor lina mawazo ya Taylor peke yake, na atalipita.

Historia haikuishia hapo. Mwaka 1940, huko Johannesburg, William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka kutokana na karatasi hizo. Kwa miaka mingi wasomaji walimjua Muyaka kupitia kitabu hicho. Baadaye profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alizirudia karatasi zenyewe, na mwaka 1979 akachapisha utafiti wake juu ya Muyaka na ushairi wa karne ya 19. Tujifunze hapo jambo moja. Kitabu kilichochapishwa ni uchaguzi wa mhariri: ameamua shairi gani liingie, neno gani lisomwe vipi, maelezo gani yaachwe. Mtu akitaka kuyapima maamuzi hayo, hana budi kurudi kwenye karatasi. Na anaweza kurudi kwa sababu moja tu, kwamba karatasi hazikutupwa baada ya kitabu kutoka.

3. Karatasi za kamati

Mfano wa pili ni wa ofisi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha iliyounganisha nchi nne: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Ilisimamia tahajia, ilikagua vitabu vya shule na kuandaa kamusi. Mwaka 1964 kazi yake iliingizwa katika Chuo cha Dar es Salaam ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 2009 iliungana na idara ya Kiswahili kuwa TATAKI. Basi kamati ya serikali za kikoloni ikawa urithi wa chuo kikuu.

Msomaji wa nyaraka za namna hii ajihadhari na mambo mawili. La kwanza, kumbukumbu za mkutano huandika uamuzi, mara chache huandika ubishi. Ukisoma kwamba neno fulani limekubaliwa, hujaambiwa nani alilipinga, wala nani aliulizwa. Katika miaka ya mwanzo wajumbe wa Kamati hiyo walikuwa Wazungu, ingawa kila neno waliloliamua lilikuwa limetoka vinywani mwa Waafrika. Wasemaji hao utawatafuta katika orodha ya waliohudhuria usiwaone. Ukitaka kuwasikia, lazima utoke katika nyaraka za ofisi uende katika nyaraka za watu.

La pili, ofisi ina mipaka, na mipaka yake hugeuka kuwa ukimya wa karatasi zake. Kongo haikuwa katika nchi zile nne. Katika miaka ile ile ambapo maelfu ya watu wa Katanga, Maniema na Kivu walikuwa wakiongea Kiswahili kila siku, Kamati haikuwa na wajibu wowote kwao. Mwanafunzi wa kwetu akisoma nyaraka za Kamati asipokikuta Kiswahili chake, asihitimishe kwamba hakikuwapo au kwamba hakikuwa na thamani. Ahitimishe tu kwamba hakikuwa kazi ya ofisi ile.

Dar es Salaam inatupa pia mfano wa jinsi chuo kinavyoweza kuujaza ukimya huo. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya hati za tenzi na maandishi mengine kutoka pwani kwa ajili ya maktaba ya chuo. Katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970, na haikuorodhesha hati za Kiswahili na Kiarabu peke yake bali kanda za sauti pia. Utenzi ambao familia iliutunza ili usomwe ulipata namba katika maktaba. Sauti ya msomaji nayo ilihesabiwa kuwa waraka.

4. Ofisi ikibadili jina

Turudi sasa Lubumbashi. Mtu anayetafuta nyaraka za chuo kikuu chetu za mwaka 1958 akiandika "Université de Lubumbashi" hatapata kitu, wala hapaswi kushangaa. Mwaka huo hapakuwa na chuo chenye jina hilo, wala mji wenye jina hilo. Chuo kilianzishwa mwaka 1955 kikiwa chuo rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, katika mji wa Elisabethville. Mji ulipata jina la Lubumbashi mwaka 1966. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa Université Nationale du Zaïre, na hapo ndipo Kitivo cha Lugha na Fasihi kilipohamia hapa kutoka Kinshasa. Mwaka 1981 kila kampasi ikawa chuo tena, nasi tukapata jina tulilo nalo.

Jimbo nalo lilikuwa Katanga, likawa Shaba mwaka 1971, likarudi kuwa Katanga mwaka 1997. Kampuni ya madini iliyoanza mwaka 1906 kwa jina la Union Minière du Haut-Katanga ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikawa Gécamines.

Kwa mtafiti haya ndiyo funguo za mlango. Kila waraka wa ofisi umebeba jina la ofisi la siku ile. Kwa hiyo kabla ya kwenda hifadhini, chora mstari wa miaka katika daftari lako: juu andika majina ya chuo, katikati majina ya mji na jimbo, chini majina ya idara unayoitafuta. Mwanafunzi mwenye mstari huo huokoa siku nyingi. Mwanafunzi asiye nao huandika katika kazi yake ya mwisho kwamba "nyaraka hazipo", kumbe hakujua jina la kuziulizia.

5. Karatasi iliyoandikwa na watu wasio na ofisi

Mwaka 1965, katika mji huu, André Yav aliandika kwa niaba ya watu waliokuwa wametumika nyumbani mwa Wazungu, wale walioitwa maboyi. Aliyaita maandishi hayo *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Ni historia ya mji na ya wafanyakazi wake kwa Kiswahili cha hapa, kama walivyoiona watu wa jikoni na wa uwanjani. Hakuna ofisi iliyoyaagiza.

Mwaka 1990 Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, aliyachapisha pamoja na tafsiri na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango wa Lubumbashi. Walter Schicho aliongeza maelezo ya lugha. Baadaye maandishi hayo yaliwekwa katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Leo hakuna mtu anayechunguza Kiswahili cha Katanga asiyeyajua.

Jinsi yalivyosomwa inatufundisha. Mipaka ya maneno katika maandishi yale haifuati vitabu vya shule, na vituo havisaidii. Ukiyatazama kwa macho tu, unapotea. Fabian alimwomba Kalundi Mango ayasome kwa sauti. Yaliposomwa na mtu aliyeyajua maneno na mdundo wake, sentensi zilijitenga zenyewe. Mwandishi alikuwa ameandika anavyosema, na ilitakiwa sauti kumfuata.

Hapo pana onyo kwa sisi tunaofundishwa Kiswahili sanifu. Tunaponakili waraka wa kwetu, mkono wetu unataka kusahihisha. Tuchukue maneno mawili ya hapa. Lubumbashi tunasema "mukanda" kwa barua au karatasi ya ofisi. Mwanafunzi mwenye haraka akiirekebisha kuwa "mkanda", amegeuza barua kuwa kitu cha kufungia suruali. Tunasema pia "kutumika" kwa maana ya kufanya kazi. Mzee akiandika kwamba alitumika miaka makumi mbili, anasema alifanya kazi miaka 20. Msomaji wa sanifu ataelewa kwamba mzee yule alitumiwa kama chombo. Huenda mzee angekubali, lakini sicho alichoandika. Kwa hiyo kanuni ni hii: nakili kama ilivyo, herufi kwa herufi, kisha weka maelezo yako mahali pengine. Waraka uliosahihishwa ni wako, si wa mwandishi tena.

6. Namna ya kufanya kazi

Haya ndiyo mambo ya kufuata mezani.

Kwanza, kabla ya kufungua faili, soma maelezo ya fungu lote: lilitoka kwa nani, liliingia chuoni lini, lina masanduku mangapi. Andika majibu katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Pili, usivuruge mpangilio. Karatasi iliyokuwa ya tano irudi kuwa ya tano. Ukikuta risiti ya soko katikati ya barua za ndoa, usiihamishe. Yawezekana ni hesabu ya mahari.

Tatu, tazama nyuma ya karatasi. Wakati karatasi ilipokuwa ghali watu waliandika pande mbili, na mara nyingine upande wa nyuma una lugha nyingine. Barua ya Kifaransa kwa bwana mkubwa yaweza kuwa na rasimu yake ya Kiswahili nyuma.

Nne, andika rejea kamili: hifadhi, fungu, sanduku, faili, karatasi. Rejea inayosema tu "nyaraka za chuo" haimsaidii atakayekufuata.

Tano, kumbuka waliotajwa. Faili la mfanyakazi lina habari za ugonjwa, deni au adhabu. Watoto wake wako hai, huenda wanakaa avenyu moja nawe. Uliza ruhusa inapotakiwa, na jina lisilohitajika liache.

Sita, peleleza familia ya pili. Ukipata uamuzi wa ofisi, tafuta barua ya mtu aliyeupokea. Ukipata malalamiko ya mtu, tafuta faili ambamo yaliishia. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekusanya masimulizi ya wakaaji wa mji. Mahali ambapo karatasi ya mtu imekosekana, masimulizi kama hayo huweza kusimama badala yake mbele ya karatasi ya ofisi.

7. Kazi iliyobaki

Mifano hii mitatu inakutana mahali pamoja. Muyaka alibaki kwa sababu Sikujua aliandika na Taylor akatunza. Maamuzi ya Kamati yalibaki kwa sababu ofisi hutunza maamuzi yake. Maandishi ya Yav yalibaki ingawa hayakuwa na ofisi nyuma yake, na kila tunapoyasoma tujue kwamba yangeweza kupotea kwa mvua moja tu.

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mna kitabu cha kazi, barua kutoka kijijini, daftari la kanisa au la chama cha akiba, picha zenye majina nyuma. Mwenyewe akifariki, nyumba hugawanywa, vyombo hugombaniwa, na karatasi hazina mgombea. Zinaishia kuwashia makala au kufungia karanga sokoni. Hizo ndizo nyaraka za Kiswahili chetu ambazo hakuna kamati iliyowahi kuziandika kwa niaba yetu.

Mwanafunzi wa kitivo hiki hahitaji ruhusa ya mtu yeyote kuanza nyumbani kwao. Asiyachukue masanduku kwa nguvu. Akae na mwenyewe angali hai, amwombe aeleze kila karatasi, aandike jina, mahali na mwaka kwa kalamu ya risasi, atoe pini zenye kutu, ainue sanduku kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na maji. Na aache kila kitu katika mpangilio aliouona. Mengine yatafuata: nakala, picha, na siku moja mazungumzo na chuo.

Mazoezi

1. Chagua waraka mmoja wa nyumbani kwenu wenye umri wa miaka 20 au zaidi. Eleza kwa mistari kumi nani aliuandika, nani aliutunza, na kwa nini unadhani haukutupwa. Usiyajibu maswali haya kwa jibu moja.

2. Chora mstari wa miaka wa majina ya shule yako ya sekondari au ya mtaa wenu tangu mwaka 1950. Waulize wazee watatu. Wakitofautiana, andika majibu yote matatu.

3. Nakili ukurasa mmoja wa barua iliyoandikwa kwa Kiswahili cha hapa bila kusahihisha herufi hata moja. Kisha mpe mwenzako aisome kwa sauti darasani. Andika ni maneno gani uliyoyaelewa kwa sikio ambayo macho yalikuwa hayajayaelewa.